Faili Zako Ni Mali: Jinsi ya Kupanga, Kulinda na Kutuma Kazi ya Mteja kwa Simu

Mara nyingi hapa tunaongea kuhusu pesa: jinsi ya kupokea, kutuma, kuweka akiba na kuepuka matapeli. Leo tunaongea kuhusu kile ambacho pesa hiyo inalipia. Kama wewe ni mpiga picha, fundi wa kuchora kadi na mabango, mwenye saibaa, mwalimu anayeuza noti, au hata mwenye agrovet anayetuma orodha ya bei kwa WhatsApp, basi sehemu ya biashara yako ni faili. Na faili inaweza kupotea kwa sekunde moja.

Najua kwa sababu ilinitokea.

Kabla sijajiunga na timu hii nilikuwa napiga picha. Nilikuwa mwaka wa tatu chuoni nikisomea masoko, na kila wikendi nilikuwa nazunguka Nakuru, Njoro na Bahati na kamera ya mtumba. Mama mmoja wa Bahati aliniita nipige picha za ruracio ya bintiye. Nilipiga zaidi ya 300. Akanilipa pesa yote kwa simu siku hiyo hiyo. Jumatatu nikachagua 60 nzuri, nikamtumia kwa WhatsApp, akashukuru sana. Nikafuta memori kadi ili nipate nafasi ya kazi inayofuata. Nakala asili zikabaki kwenye laptopi yangu, na hapo tu.

Miezi minne baadaye laptopi ikakataa kuwaka. Fundi akaniambia diski imekufa, hakuna cha kuokoa. Sikumwambia yule mama. Nilijiambia, si picha zake alishapata?

Kisha akanipigia. Mama yake, yaani shosho wa bibi harusi, alikuwa ameaga. Picha nzuri ya mwisho ya shosho ilikuwa ya siku ile ya ruracio, amekaa katikati ya watu tisa, anacheka. Familia ilitaka ikatwe, ikuzwe, iwekwe kwenye fremu na kwenye jalada la ratiba ya mazishi. Nilikuwa na ile ya WhatsApp peke yake. Nikaipeleka kwa wachapishaji mjini, wakajaribu, na uso wa shosho ukatoka kama umejengwa kwa matofali. Hauwezi kujua ni nani.

Nikamrudishia pesa yake kwa simu. Baada ya dakika chache akairudisha kwangu na ujumbe mfupi: “Pesa si shida mwanangu. Mimi nilitaka sura ya mama.”

Somo la leo limetokana na makosa yangu siku zile. Hakuna hatua inayohitaji mashine ya bei ghali. Nyingi utazifanya kwa simu uliyoshika sasa.

Hatua ya 1: Jua faili ulizonazo

Ukiambiwa uhesabu stoki dukani, unajua pa kuanzia. Faili nazo ni stoki. Zigawe mafungu manne:

1. Kazi ya mteja. Picha, video, michoro ya kadi, logo, noti, nyimbo. Hii ndiyo bidhaa yako.
2. Pesa. Taarifa za miamala, risiti, ankara, mikataba.
3. Wateja. Majina, nambari za simu, nakala za vitambulisho, anwani za kupelekea mizigo.
4. Matangazo. Orodha ya bei, katalogi, mabango, video fupi za kuvutia wateja.

Kila fungu lina sheria yake. Kazi ya mteja inahitaji nakala nyingi. Faili za pesa zinahitaji kukaa miaka. Za wateja zinahitaji siri. Za matangazo zinahitaji kubadilishwa mara kwa mara. Shida huanza tunapochanganya zote kwenye galari moja ya simu, pamoja na vichekesho vya grupu la familia.

Tengeneza folda nne leo, uzipe majina hayo manne. Umeshaanza.

Hatua ya 2: Ipe faili jina la kueleweka

Simu ikipiga picha huipa jina kama IMG_4471. Ukiwa na picha 50 utajua ni ipi. Ukiwa na 5,000, utatafuta mpaka mteja achoke kungoja.

Tumia mpangilio huu: mwaka, mwezi, siku, kazi, mahali. Mfano: 2025-03-15_harusi_njoro. Anza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, na uandike kwa tarakimu. Ukifanya hivyo, simu na kompyuta zitazipanga zenyewe kuanzia ya zamani mpaka ya jana. Ukianza na siku, tarehe 2 Aprili itakaa mbele ya tarehe 15 Machi, na mpangilio wote utaharibika.

Sasa ongeza kitu kimoja ambacho wafanyabiashara wengi hawakifikirii: msimbo wa muamala. Kila malipo ya simu huja na msimbo wake. Wa M-PESA, kwa mfano, una herufi na tarakimu kumi. Fungua faili ndogo ya maandishi ndani ya folda ya kazi hiyo, uandike msimbo wa deposit, msimbo wa malipo ya mwisho, na kiasi. Mteja akija baada ya miezi sita aseme “lakini mimi nilimaliza kulipa,” hamtabishana. Unafungua folda, unaangalia msimbo, unaulinganisha na taarifa yako ya miamala. Dakika moja mambo yameisha na mnabaki marafiki.

Hatua ya 3: Nakala tatu, si moja

Mpiga picha wa Marekani anayeitwa Peter Krogh ndiye aliyeeneza kanuni rahisi inayojulikana kama 3-2-1. Maana yake ni hii: weka nakala 3 za kila faili muhimu, kwenye vifaa vya aina 2 tofauti, na nakala 1 ikae mbali na mahali pako pa kazi.

Kwa nini imbali? Fikiria chumba chako cha kazi Section 58 au Free Area. Laptopi iko mezani, fleshi iko kwenye droo ya meza hiyo hiyo. Mwizi akiingia hachukui laptopi akakuachia fleshi. Moto au mvua ya kuvuja hivyo hivyo. Ulikuwa na nakala mbili, lakini ajali ni moja.

Kwa biashara ndogo ya hapa kwetu, mpango unaweza kuwa hivi:

- Nakala ya kwanza: kwenye laptopi au simu ya kazi.
- Nakala ya pili: kwenye hadi diski au fleshi, ambayo haibebwi kila siku.
- Nakala ya tatu: kwenye hifadhi ya mtandaoni, kama Google Drive.

Google hukupa GB 15 bila malipo, lakini nafasi hiyo inagawanywa kati ya barua pepe, picha na Drive. Tangu Juni 2021, hata picha unazohifadhi kwenye Google Photos zinahesabiwa humo. Tufanye hesabu. Picha moja ya kamera ikiwa na MB 5, picha 400 za harusi ni MB 2,000, yaani karibu GB 2. Kwa hiyo GB 15 zitabeba harusi kama saba hivi, kisha zijae. Video zitazijaza mapema zaidi.

Ukifika hapo una njia mbili. Unaweza kulipia nafasi zaidi kila mwezi, na gharama hiyo uiweke ndani ya bei yako kama unavyoweka nauli. Au unaweza kuweka mtandaoni zile picha bora tu, na picha zote ziwe kwenye diski mbili zinazokaa nyumba mbili tofauti. Ya pili unaweza kumwachia dada yako kule Lanet. Zote mbili ni sawa. Isiyo sawa ni ile yangu: kufuta memori kadi wakati nakala iliyobaki ni moja.

Kanuni ya kukumbuka: usifute memori kadi kabla hujahesabu nakala mbili mahali pengine na kufungua angalau picha chache kuhakikisha zinafunguka.

Na usitumie akaunti ya mtandaoni kisha uisahau. Akaunti ya Google ya mtu binafsi isipotumika kwa miaka miwili, Google inaweza kuifuta pamoja na vyote vilivyomo. Hakikisha pia akaunti ya biashara ni ya biashara, si ya kijana uliyemwajiri. Akiondoka, asiondoke na funguo za stoo.

Hatua ya 4: Tuma kazi bila kuiharibu

Hapa ndipo picha ya shosho iliharibikia.

Ukituma picha kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, inapunguzwa ili isafiri haraka na isile bando. Kwa kuangalia kwenye simu haina shida. Kwa kuchapisha, ni hadithi nyingine. Picha nzuri ya ukubwa wa A4 inahitaji takriban pikseli 2,480 kwa 3,508. Ya WhatsApp mara nyingi upande wake mrefu hubaki na takriban 1,600. Sasa kata uso mmoja kati ya watu tisa humo ndani. Unabaki na pikseli chache sana, na ukizikuza ndiyo unaona yale matofali. Hata ukichagua HD wakati wa kutuma, bado picha inapunguzwa, ila kidogo.

Fanya hivi badala yake:

- Tuma kama dokumenti. Kwenye WhatsApp, badala ya kubonyeza alama ya galari, bonyeza alama ya dokumenti kisha uchague picha hiyo. Inaenda ilivyo, bila kupunguzwa. Unaweza kutuma faili ya mpaka GB 2.
- Tuma linki. Kwa kazi kubwa, weka folda kwenye Drive na umtumie mteja linki. Chagua watu wa kuiona, na umpe ruhusa ya kuangalia, si ya kuhariri. Ukimpa mtu ruhusa ya kuhariri, mtoto akichezea simu yake anaweza kufuta kazi yako. Kitu kilichofutwa kwenye Drive hukaa kwenye pipa kwa siku 30, kisha kinaenda moja kwa moja.
- Muulize mteja kuhusu bando. Mteja wa Kuresoi anayenunua data ya siku moja hatafurahia linki ya GB 2. Mtumie chache ndogo za kuonyesha watu, kisha umpelekee zote kwenye fleshi, au akija mjini apitie kwako.

Mwambie pia waziwazi: “Hizi za WhatsApp ni za kuangalia. Za kuchapisha ziko kwenye linki. Zipakue kabla ya tarehe fulani.” Sentensi hiyo ingeniokoa.

Hatua ya 5: Malipo na faili ziende pamoja

Faili si kama gunia la viazi kutoka Molo. Gunia mteja akilichukua, limetoka kwako. Faili ukishaituma, imekwenda na bado unayo, kwa hiyo mteja haoni haraka ya kulipa. Ndiyo maana mpangilio wa malipo ni muhimu:

1. Deposit kabla ya kuanza. Wengi huchukua nusu. Andika makubaliano kwa ujumbe mfupi: kazi gani, lini, kiasi gani, marekebisho mangapi.
2. Onyesha sampuli yenye alama. Tuma picha ndogo au mchoro wenye jina la biashara yako katikati. Mteja anaona kazi, lakini hawezi kuipeleka kwa wachapishaji.
3. Malipo ya mwisho kwa nambari ya biashara. Tumia till au paybill badala ya nambari yako binafsi, ndiyo pesa ya kazi isichanganyike na ya unga.
4. Hakikisha kwanza, kisha tuma. Usitume faili asili kwa sababu ya skrinshoti. Skrinshoti inaweza kutengenezwa. Usiamini pia SMS ya malipo iliyotoka kwa nambari ya kawaida ya simu. Angalia salio lako mwenyewe au orodha ya miamala kwenye programu. Pesa ikionekana hapo, tuma linki.

Na kama kawaida: hakuna mteja, wala mtu yeyote anayesema anatoka kwetu, anayehitaji PIN yako ili akulipe.

Hatua ya 6: Orodha ya bei moja, linki moja

Sasa wale wa maduka. Chukulia una agrovet Elburgon. Mwezi wa tatu unatengeneza picha ya bei za mbegu na dawa, unaituma kwa wateja, nao wanaitumia wengine. Mwezi wa tano bei zinapanda. Unatuma picha mpya, lakini ya zamani bado inazunguka kwenye magrupu. Mkulima anatoka mbali na nauli yake, anafika na bei ya mwezi wa tatu kwenye simu. Ukikataa, amekasirika. Ukikubali, umepata hasara.

Dawa yake ni mbili. Kwanza, kila orodha iandikwe tarehe kubwa juu: “Bei hizi ni mpaka tarehe 31 Mei.” Pili, badala ya kutuma picha, tuma linki ya dokumenti moja. Bei ikibadilika, badilisha ndani ya dokumenti hiyo. Linki inabaki ile ile, na anayeifungua leo anaona bei ya leo. Katalogi ya WhatsApp Business pia inafanya kazi hiyo.

Ukitaka kutangazia wengi, tumia orodha ya matangazo ya WhatsApp, inayochukua mpaka watu 256, na si grupu. Kwenye orodha, kila mtu anapokea ujumbe peke yake. Kwenye grupu, kila mteja anaona nambari za wengine wote, wakiwemo matapeli waliojipenyeza. Kumbuka tu kwamba ujumbe huo humfikia mtu aliyehifadhi nambari yako. Kwa hiyo kila unapouza, mwambie mteja: “Save namba yetu.”

Hatua ya 7: Picha ya mtu ni ya mtu

Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Wengi wetu tulidhani ni ya benki na kampuni kubwa. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data ilionyesha vingine. Shule ya Roma, iliyoko Uthiru, ilipigwa faini ya KSh 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Casa Vera Lounge ya Nairobi ilipigwa ya KSh 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake.

Kwa hiyo kabla hujaweka picha ya bibi harusi kwenye ukurasa wako ili upate wateja, omba ruhusa, na uombe kwa maandishi. “Naomba kutumia picha tatu za harusi yako kwa matangazo. Sawa?” Akijibu sawa, weka skrinshoti ya jibu hilo ndani ya folda yake. Kwa watoto, ruhusa ni ya mzazi.

Wenye saibaa, mko hapa pia. Watu huacha vitambulisho, vyeti na PIN za KRA kwenye kompyuta zenu kila siku. Futa folda ya kupakulia kila jioni, pamoja na pipa lake. Nakala ya kitambulisho cha mtu ikifika mikono mibaya, inaweza kutumika kujaribu kuiba laini yake ya simu, na laini ndiyo pesa yake.

Hatua ya 8: Karatasi za pesa

Kila mwisho wa mwezi pakua taarifa ya miamala ya biashara yako, uipe jina la mwaka na mwezi, uiweke kwenye folda ya pesa. Weka humo pia ankara zako za eTIMS. Sheria ya taratibu za kodi ya 2015 inataka rekodi zihifadhiwe kwa miaka mitano. Siku utakapotaka mkopo wa kununua printa, hizo taarifa ndizo zitakazokuongelea. Usizitume kwa grupu wala kwa mtu anayekuahidi mkopo wa haraka. Ndani yake mna majina na nambari za wateja wako.

Kazi yako ya wiki hii

Usijaribu yote siku moja. Tenga nusu saa kila siku:

- Jumatatu: tengeneza folda nne.
- Jumanne: chagua kazi tano ambazo zikipotea utashindwa kumwangalia mteja machoni.
- Jumatano: nakili hizo tano kwenye fleshi au diski. Zifungue uone kama zinafanya kazi.
- Alhamisi: zipandishe mtandaoni. Kama bando ni shida, tafuta saibaa yenye Wi-Fi, na ukimaliza hakikisha umetoka kwenye akaunti.
- Ijumaa: pakua taarifa ya miamala ya mwezi uliopita.
- Jumamosi: andika ujumbe mmoja utakaomtumia kila mteja unapokabidhi kazi. Useme zipi ni za kuangalia, zipi ni za kuchapisha, na utazihifadhi kwa muda gani.

Huo ujumbe wa Jumamosi usiupuuze. Kama utahifadhi kwa mwaka mmoja, sema mwaka mmoja, na ukikaribia kufuta, mpigie. Na kama kitu kimepotea, mwambie siku hiyo hiyo. Mimi nilinyamaza miezi mingi. Kumbe ningemwambia mapema yule mama wa Bahati, shosho alikuwa bado yuko. Ningepanda matatu asubuhi moja nikaenda kumpiga picha nyingine, bila malipo, naye angecheka tena.